Saa, Idhini na Nakala: Historia Fupi ya Kurusha Upya Vipindi vya Watayarishaji Huru

Utangulizi

Historia ya redio aghalabu huandikwa kama historia ya watangazaji wakubwa: mashirika ya serikali, makampuni yenye mitambo ya nguvu, na sauti zilizojulikana na taifa zima. Makala haya yanakusudia kuchunguza upande mwingine ambao haujapewa uzito unaostahili, nao ni desturi ya kituo kidogo kurusha vipindi ambavyo hakikuvitayarisha chenyewe. Desturi hiyo inaonekana waziwazi katika vituo vidogo vya redio ya intaneti, ambavyo huchukua podikasti za watayarishaji huru, huzipanga katika ratiba, na kuzirusha usiku na mchana kwa wasikilizaji ambao huenda wasizidi makumi machache.

Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili limezaliwa na kompyuta. Sivyo. Lina nasaba ndefu, na mtu asiyeijua nasaba hiyo hawezi kuelewa kwa nini baadhi ya vituo vya namna hii vilidumu na vingine vikazimika. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba uhai wa kazi ya kurusha upya haukuamuliwa hasa na mtambo, bali na idhini: nani aliitoa, kwa njia gani, na kama jina la mwenye kazi lilitajwa hewani. Mtambo umebadilika mara nyingi tangu miaka ya 1920. Swali la idhini limebaki lile lile, ijapokuwa limejibiwa kwa namna mbalimbali.

Maneno mawili ya watangazaji

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Watangazaji wa Kiswahili wana maneno mawili yaliyozoeleka kwa kazi ya kurusha kitu ambacho kimekwisha kurushwa. La kwanza ni kujiunga. Kituo hujiunga na kituo kingine, na kwa muda huo matangazo ya mahali pawili huwa ni mamoja, katika dakika ile ile. Neno la pili ni kurudia, na jina lake ni marudio: kipindi kilichorushwa asubuhi hurushwa tena jioni kwa manufaa ya wale waliokikosa.

Kujiunga ni jambo la zamani katika nchi hii. Utangazaji wa Kenya ulianza mwaka 1928 chini ya British East African Broadcasting Company, kwa lugha ya Kiingereza, ukiwalenga walowezi; na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupokea matangazo ya BBC na kuyapitisha kwa wasikilizaji wa huku. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza tarehe 27 Juni 1957, njia ya kujiunga ilikuwa imekwisha kutengenezwa, na katika miaka iliyofuata vituo vingi vya Afrika Mashariki vilikuja kuitumia. Kwa hiyo msikilizaji wa eneo hili ni mzoefu wa kusikia kituo chake kikisema kwa kinywa cha mwingine.

Sheria ya kimataifa nayo ililifafanua jambo hili kwa ufinyu. Mkataba wa Roma wa tarehe 26 Oktoba 1961, unaohusu haki za wasanii, watayarishaji wa rekodi na mashirika ya utangazaji, unaeleza kwamba kurusha upya ni shirika moja kurusha matangazo ya shirika jingine kwa wakati ule ule. Yaani, kwa ufafanuzi huo, kurusha upya ni kujiunga tu. Kituo kinachorusha leo kitu kilichorekodiwa juzi hakirushi upya kwa maana ya Mkataba, kinarusha rekodi.

Tofauti hiyo si ya kisheria tu. Podikasti, kwa asili yake, haijarushwa. Ni faili ya sauti iliyowekwa mahali, na kila msikilizaji huichukua kwa saa yake, mmoja akiwa jikoni alfajiri, mwingine akiwa safarini usiku. Haina saa ya kuanza wala ya kumalizika. Kituo kidogo kinapoichukua na kuipa nafasi saa mbili usiku, hakijiungi na mtu, wala hakirudii matangazo, kwa kuwa hayakuwapo matangazo ya kurudiwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ya kazi hiyo kutangazwa hasa. Neno upya katika kurusha upya linaficha ukweli huo. Kile ambacho kituo kinakiongeza juu ya kazi ya mtayarishaji ni saa: watu walio mbalimbali wanasikia sentensi moja kwa pamoja, na aliyefungua redio bila kukusudia anakutana na sauti ambayo hangeitafuta.

Kanda zilizosafiri kwa posta

Mfano ulio karibu zaidi na desturi ya leo haupatikani katika kujiunga, bali katika kanda za vituo vya elimu vya Marekani. Vituo hivyo vilikuwa vya vyuo vikuu na vya miji. Vilikuwa na wasomi wa kuzungumza, lakini havikuwa na fedha za kukodi nyaya za simu zilizoyawezesha makampuni makubwa kuunganisha vituo vyao nchi nzima. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1925 na kupewa mwaka 1934 jina la National Association of Educational Broadcasters, kilitafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilipatikana baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakati kanda za sumaku zilipoanza kutumika. Kwa juhudi za Seymour Siegel, mkuu wa kituo cha WNYC cha mji wa New York, vituo vilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kupelekeana vipindi vilivyorekodiwa. Kituo kimoja kilipokea kanda, kikairusha, kisha kikaitia katika bahasha na kuipeleka kwa kituo kilichofuata katika orodha. Watu wa kazi hiyo waliuita mpango huo mtandao wa baiskeli, kwa jinsi kanda zilivyozunguka kutoka mlango hadi mlango. Mwaka 1951, kwa msaada wa fedha wa Wakfu wa Kellogg, makao ya mtandao huo yaliwekwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, ambako kanda zilinakiliwa kwa wingi na kugawiwa kwa utaratibu.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba mtandao wa baiskeli uliachana na dakika ile ile. Kipindi kimoja kilisikika Illinois juma hili, na mahali pengine majuma kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo watayarishaji walilazimika kutunga vipindi visivyochakaa upesi: mihadhara, michezo ya kuigiza, mazungumzo juu ya sayansi, sheria na historia. La pili ni kwamba idhini haikuwa na ugumu. Waliotoa na waliopokea walikuwa wanachama wa chama kimoja, na aliyepokea leo alitazamiwa kutoa kesho. Ilikuwa idhini ya jamaa, mfano wa majirani wanaoazimana vyombo vya arusi bila kuandikiana.

Wakati huo huo, tarehe 15 Aprili 1949, kituo cha KPFA kilianza kutangaza mjini Berkeley, California, chini ya uongozi wa Lewis Hill. Hicho hakikuwa cha chuo wala cha serikali. Kiliazimia kuishi kwa michango ya wasikilizaji wenyewe. Umuhimu wake katika historia hii ni kwamba kilithibitisha kuwapo kwa wasikilizaji walio tayari kulipa kwa hiari ili wasikie maneno yasiyo na matangazo ya biashara. Karibu vituo vyote vidogo vya intaneti vinavyorusha kazi za watu huru, hata visipojua, vimejengwa juu ya imani hiyo.

Kutoka hewani kwenda katika nyaya

Mwaka 1993 Carl Malamud alianzisha huko Marekani mpango ulioitwa Internet Talk Radio. Ijapokuwa uliitwa redio, kilichotolewa kilikuwa mafaili ya mahojiano ambayo mtu aliyachukua kwa kompyuta na kuyasikiliza alipopenda. Kwa hakika mpango huo ulitangulia podikasti kwa muongo mzima. Tarehe 7 Novemba 1994, kituo cha wanafunzi cha WXYC cha Chapel Hill, North Carolina, kilianza kupitisha matangazo yake ya hewani katika intaneti kwa wakati ule ule. Hivyo, katika muda wa miaka miwili tu, njia zote mbili, ile ya faili inayongoja na ile ya mkondo usiongoja mtu, zilikuwa zimefunguliwa.

Mwaka 1996 watangazaji huru walianzisha A-Infos Radio Project, ghala la intaneti ambamo mtayarishaji aliweka kipindi chake ili kituo chochote kilichokihitaji kikichukue na kukirusha. Huo ulikuwa mtandao wa baiskeli uliorudi bila posta. Kisha, mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, zilitokea programu mbili, SHOUTcast na Icecast, zilizomwezesha mtu mwenye kompyuta moja kuendesha kituo. Icecast ilitolewa na waliyoitunga, Jack Moffitt na Barath Raghavan, kwa msingi wa programu huria, bila malipo.

Mtu angetazamia kwamba baada ya hapo vituo vidogo vingeenea bila kizuizi. Lakini viligongana na mambo mawili. La kwanza ni la ufundi. Mtambo wa hewani haujali idadi ya wasikilizaji; msikilizaji wa elfu hamwongezei mwenye kituo gharama yoyote. Katika intaneti kila msikilizaji hupelekewa nakala yake. Mkondo wa usemi wenye kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia megabaiti 28.8 kwa saa kwa mtu mmoja. Wakiwa watu 50, ni gigabaiti 1.44 kwa saa. Umaarufu, ambao katika redio ya hewani ni faida tupu, katika redio ya intaneti una bili yake.

Jambo la pili lilikuwa mrabaha wa muziki. Tarehe 20 Juni 2002 nchini Marekani, kiwango kiliwekwa cha asilimia 7 ya senti moja kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji. Kiwango hicho chaonekana kidogo sana hadi kitakapopigiwa hesabu. Kituo chenye wasikilizaji 100 muda wote na nyimbo 15 kwa saa kingedaiwa dola 1.05 kwa saa, dola 25.20 kwa siku, na dola 9,198 kwa mwaka. Kwa mtu aliyeendesha kituo chake kutoka chumbani baada ya kazi, hiyo ilikuwa hukumu. Sheria ya nafuu kwa vituo vidogo ilipitishwa Desemba 2002, lakini mabishano hayakwisha: tarehe 26 Juni 2007 vituo vingi vya intaneti vya Marekani vilinyamaza siku nzima kupinga viwango vipya. Na nafuu iliyokuwapo ilipokwisha muda wake mwishoni mwa 2015, Live365, iliyokuwa imehifadhi maelfu ya vituo vidogo tangu 1999, ilifunga mwishoni mwa Januari 2016. Ilifufuliwa mwaka 2017 chini ya mwenye mali mwingine.

Usemi haukuwa na mzigo huo. Mazungumzo, simulizi na mihadhara hayadaiwi mrabaha wa nyimbo. Hapo kituo kidogo kilipata sababu ya kiuchumi ya kugeukia maneno, mradi tu apatikane mtu wa kuyasema na kuruhusu yarushwe.

Podikasti na jaribio la San Francisco

Watu hao walipatikana kwa ghafla. Mwezi wa Desemba 2000 Dave Winer alitoa muundo wa milisho ya RSS ulioweza kubeba kiambatisho, yaani anwani ya faili ya sauti, hivi kwamba kompyuta ya msikilizaji iliweza kutambua kipindi kipya na kukichukua bila kuamriwa kila mara. Mwaka 2003 Christopher Lydon, mwandishi wa habari aliyekuwa Harvard, alirekodi mahojiano yaliyosambazwa kwa njia hiyo. Mwezi wa Februari 2004 Ben Hammersley, katika gazeti la The Guardian la Uingereza, aliandika neno ambalo Kiswahili kimekuja kulitamka podikasti. Mwezi wa Agosti mwaka huo Adam Curry alianza kipindi chake cha kila siku. Tarehe 28 Juni 2005 kampuni ya Apple iliingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, na jambo lililokuwa la wachache likawa la wengi.

Majuma sita kabla ya tarehe hiyo, yaani 16 Mei 2005, kampuni ya Infinity Broadcasting iliigeuza stesheni yake ya masafa ya kati ya 1550, mjini San Francisco, kuwa KYOU Radio, kituo kilichotangazwa kuwa cha kwanza kurusha podikasti tupu. Watayarishaji walialikwa kupeleka kazi zao katika tovuti ya kituo. Wafanyakazi wa kituo walizisikiliza, wakachagua, na kuhakikisha kwamba hazikuwa na maneno yaliyokatazwa hewani na mamlaka ya mawasiliano ya Marekani.

Jaribio hilo halikudumu, lakini lina mafunzo. Mtayarishaji huru alizoea kusema atakalo kwa urefu atakao. Kituo cha hewani kilimtaka apite katika chujio la sheria na la saa. Zaidi ya hayo, idhini ilikuwa imebadilika sura. Haikuwa tena ya jamaa, kama ile ya vituo vya elimu, bali ya mtu mmoja anayeikabidhi kazi yake kwa kampuni kubwa kwa masharti ya kampuni. Mtayarishaji alipata sifa ya kusikika. Kampuni ilipata maneno ya kujaza saa zake. Katika mtandao wa baiskeli aliyetoa alikuwa pia mpokeaji. Hapa mtoaji alibaki mtoaji.

Mwaka 2003 ilianzishwa njia ya tatu, ya mapatano yenye bei: Public Radio Exchange, ambamo mtayarishaji huru huweka kazi yake na kituo cha redio ya umma hulipia leseni ya kuirusha. Njia hiyo ilimheshimu mwenye kazi kwa jina na kwa malipo. Hata hivyo ilikusudiwa vituo vyenye bajeti. Kituo cha mtu mmoja hakikuwa na cha kulipa.

Idhini iliyoandikwa mlangoni

Suluhisho la kituo cha mtu mmoja lilitoka mahali ambapo watangazaji hawakupatazamia. Tarehe 16 Desemba 2002 shirika la Creative Commons lilitoa leseni zake za kwanza. Wazo lake lilikuwa kwamba mwenye kazi aweza kuandika mapema, hadharani, mambo anayoyaruhusu, ili anayetaka kuitumia asilazimike kumtafuta na kumwomba. Leo leseni kuu ni 6. Zote zinadai jina la mwenye kazi litajwe. Baadhi zinakataza matumizi ya kibiashara, baadhi zinakataza kusambaza kazi iliyogeuzwa, na baadhi zinataka kazi itakayotokana nayo itolewe kwa masharti yale yale.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi idhini hiyo inavyofanya kazi. Hacker Public Radio, iliyoanza kwa jina hilo tarehe 31 Desemba 2007, hutoa vipindi vilivyotayarishwa na wasikilizaji wenyewe, na vipindi vyake hutolewa kwa leseni inayoruhusu kunakili na kurusha, hata kwa biashara, maadamu watajwe wenyewe na masharti yaendelezwe. Mwenye kituo kidogo hahitaji kumwandikia mtu barua. Idhini imekwisha kubandikwa mlangoni.

Lakini ni wajibu kutofautisha mlango ulioandikwa karibu na mlango usiofungwa. Wenye vituo wengi wamechanganya mambo hayo mawili. Mlisho wa podikasti uko wazi kwa kila mtu, kwa kuwa bila uwazi huo hausikilizwi; lakini uwazi wa kusikiliza si ruhusa ya kurusha. Mtayarishaji asiyeandika leseni yoyote amehifadhi haki zake zote, hata kama hatoi sauti ya kulalamika. Kwake inahitajika idhini ya moja kwa moja, nayo kwa kawaida hupatikana kwa barua fupi yenye adabu, kwa sababu watayarishaji wengi wadogo hufurahi kusikika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo sharti awe amealikwa.

Hata penye leseni pana vifundo. Podikasti inaweza kuwa na wimbo ambao mtayarishaji aliruhusiwa kuutumia katika podikasti pekee. Ruhusa hiyo haihamii kwa kituo, na mrabaha uliokwepwa kwa kugeukia usemi hurudi kwa mlango wa nyuma. Leseni inayokataza biashara huleta ubishi pale kituo kinapopokea michango au kuweka tangazo la duka. Leseni inayokataza kugeuza kazi huleta ubishi pale kipindi cha dakika 63 kinapokatwa ili kiingie katika saa moja. Vilevile yako matangazo ya biashara ambayo makampuni huyapachika katika faili wakati inapochukuliwa: faili iliyochukuliwa leso si lazima iwe sawa na ile ya juma lijalo, na kituo huweza kujikuta kikirusha tangazo ambalo mtayarishaji mwenyewe hakulisikia.

Kuhusu kutaja jina, redio ina tatizo ambalo ukurasa hauna. Katika maandishi jina la mwenye kazi hukaa chini ya kichwa, na msomaji huliona hata akifungua katikati. Hewani jina hupita na sekunde. Msikilizaji aliyeingia dakika ya kumi hajui anamsikiliza nani, na aghalabu hudhani kwamba sauti ni ya kituo. Ndiyo maana vituo vyenye nidhamu hutaja mwenye kipindi mwanzoni na mwishoni, na huandika jina lake katika maelezo yanayosafiri pamoja na mkondo wa sauti. Kituo kisichofanya hivyo, hata kama kina leseni mkononi, kimechukua sauti ya mtu na kuiacha bila mwenyewe.

Kilichobaki mikononi mwa waazimaji

Kurusha upya kuna matokeo mengine ambayo hayakukusudiwa na mtu yeyote. Kila anayerusha kazi ya mwenzake huwa na nakala yake, na mara nyingi nakala hiyo imeishi kuliko asili.

Mfano ulio mashuhuri unatoka katika televisheni. Katika miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta au kuharibu rekodi nyingi za vipindi vyake. Mwezi wa Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 11 za tamthilia ya Doctor Who, za miaka ya 1967 na 1968, zilikuwa zimepatikana mjini Jos, Nigeria, katika kituo cha kupitishia matangazo. Na 9 kati yake hazikuwapo tena katika hifadhi ya BBC. Mwenye mali alikuwa ameipoteza. Aliyeazima ili arushe alikuwa ameihifadhi bila kujua. Kanda za mtandao wa baiskeli nazo zilikuja kuhifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Maryland, na maelfu yake yamegeuzwa kuwa mafaili yanayoweza kusikilizwa na yeyote. Laiti vipindi hivyo vingesemwa mara moja hewani na kuachwa, yasingebaki ila majina katika ratiba.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hawatashangazwa na jambo hili. Tendi nyingi za kale hazikutufikia kwa mkono wa watunzi wake, bali kwa mikono ya wanakili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili miswada ambayo wataalamu wa Ulaya waliichukua na kuihifadhi, na bila kazi hiyo elimu ya ushairi wa pwani ingekuwa na mapengo makubwa. Nakala yenye jina la mtunzi na la mwandishi ina thamani mara mbili ya ile isiyo na majina.

Podikasti zinakabiliwa na hatari hiyo hiyo, tena kwa kasi zaidi. Faili hukaa katika seva maadamu kuna anayelipa ada. Mtayarishaji akichoka, akiugua au akifariki, ada haitalipwa, na kazi ya miaka hutoweka bila moshi. Milango ya kusikilizia nayo si ya kutegemewa: Stitcher ilifungwa Agosti 2023, na Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024. Kituo kidogo kilichorusha kipindi kwa idhini kina nakala, kina tarehe, na kina jina. Kituo kilichorusha bila idhini kina nakala pia, lakini hakithubutu kuionyesha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kurusha vipindi vya wengine kumepitia idhini za namna nne: ya jamaa katika mtandao wa kanda, ya kampuni katika jaribio la 2005, ya bei katika soko la vipindi, na ya hadharani katika leseni huria. Kila moja ilifaa mahali pake. Hii ya mwisho ndiyo iliyokifaa zaidi kituo kisicho na fedha, kwa kuwa haikudai malipo bali adabu ya kutaja na kufuata masharti.

Kwa idara za lugha za Kiafrika jambo hili lina maana ya karibu. Idara hizi hurekodi wazee, malenga na wasimulizi, katika lahaja ambazo baadhi yake zina wasemaji wanaopungua. Rekodi hizo huweza kurushwa na kituo kidogo chochote cha redio, cha hewani au cha intaneti, na kuwafikia wasemaji wa lahaja hizo walioko Mombasa, Maskati au London kwa saa moja. Kizuizi cha kwanza si mtambo, kwa kuwa mtambo ni kompyuta moja na programu isiyouzwa. Kizuizi ni kwamba siku ya kurekodi aliulizwa mzee kama anakubali kurekodiwa, lakini hakuulizwa kama anakubali kurushwa. Miaka ishirini baadaye mzee hayupo, warithi wametawanyika, na kanda imefungiwa kabatini kwa sababu hakuna anayejua ana haki gani juu yake.

Kwa hiyo idhini ya kurusha yapasa iombwe siku ile ile ya kurekodi, kwa lugha anayoielewa msemaji, na iandikwe pamoja na jina lake kama apendavyo litamkwe, mahali pake, lahaja yake na tarehe. Pale msemaji anapotaka jambo fulani lisitoke nje ya jamaa zake, hilo nalo liandikwe, na liheshimiwe na kila atakayeishika kanda hiyo baadaye.